Ukitaka Kiingereza cha mikataba ya amani, anza na maneno madogo

Kila mazungumzo ya amani yanapotawala vichwa vya habari, kurasa za kufundisha Kiingereza nazo hupata mavuno. Siku hiyohiyo inatoka orodha: "ceasefire" ni kusitisha mapigano, "hostage" ni mateka, "envoy" ni mjumbe maalumu, "sovereignty" ni mamlaka kamili ya nchi. Chini yake kuna picha ya viongozi wakipeana mikono na ombi la kuwasambazia wenzako. Wanafunzi wananakili na kushukuru. Wiki inayofuata wakikutana na habari yenyewe kwa Kiingereza wanaielewa nusu, na nusu wanayoikosa ndiyo yenye habari.

Orodha hizo hazina makosa. Ila zinafundisha kile ambacho kamusi ingekupa kwa dakika moja. "Sovereignty" linatisha kwa urefu, lakini ukishalijua halikusumbui tena. Maneno yanayowakesha wanadiplomasia hotelini mpaka alfajiri ni yale mafupi, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaapa kwamba anayajua. Kwa maoni yangu hakuna darasa zuri la Kiingereza cha juu kuliko habari za mazungumzo ya amani, kwa sababu hakuna maandishi mengine ambayo kila neno lake limegombaniwa na watu wenye bunduki nyuma yao. Lakini mwanafunzi akitafuta maneno makubwa tu, atatoka darasani mikono mitupu.

Chukua azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Lilipitishwa kwa kauli moja tarehe 22 Novemba 1967, miezi mitano baada ya Israeli kupigana na Misri, Jordan na Syria kwa siku sita. Rasimu ilikuwa ya Waingereza na aliyeipigania ni balozi wao, Lord Caradon. Linataka majeshi ya Israeli yaondoke "from territories occupied in the recent conflict". Hakuna "the" kabla ya "territories". Msomaji wa Kiswahili haoni kilichopungua, maana lugha yetu haina kijineno hicho. "Maeneo yaliyokaliwa" kwetu yanaweza kuwa yote au baadhi, na msikilizaji huamua kwa kutazama mazungumzo yalikotoka.

Kwa Kiingereza pengo hilo limelisha mabishano ya zaidi ya nusu karne. Israeli imeshikilia kwamba ilitakiwa kuondoka katika maeneo, si katika maeneo yote. Nchi za Kiarabu zikajibu kwa kuinua nakala ya Kifaransa, ambayo nayo ni rasmi, inayosema "des territoires occupés", na ndani ya "des" kile kijineno kimo. Tena zikaonyesha utangulizi wa azimio lenyewe, unaokataa nchi kujipatia ardhi kwa njia ya vita. Mpiga chapa hakusahau kitu hapo. Rasimu nyingine zenye maneno ya wazi zaidi zilikuwa zimeshindwa kukubalika, na hii ikapita kwa sababu kila upande uliweza kuisoma ulivyotaka.

Sasa fikiria jinsi "a" na "the" zinavyofundishwa kwetu. Mwalimu anazizungushia kalamu nyekundu, mwanafunzi anaziona kama urembo wa Waingereza, na wote wawili wanaendelea na mambo mazito. Watu wazima ninaowafundisha jioni huniuliza kwa nini wahangaike na vijineno visivyo na maana. Siku hizi siwapi kanuni. Nawapa sentensi ile ya 1967 na kuwaambia waseme kama Israeli inatakiwa kuondoka kila mahali. Ubishi wa dakika ishirini unawafundisha zaidi ya zoezi la kujaza nafasi.

Mfano wa pili ni wa karibu. Tarehe 25 Machi 2024 Baraza la Usalama lilipiga kura kuhusu Gaza, azimio namba 2728. Rasimu ilikuwa na neno "permanent" kwenye usitishaji wa mapigano uliotarajiwa kufuata baada ya Ramadhani. Dakika za mwisho neno hilo likaondolewa, likawekwa "lasting". Urusi ilijaribu kulirudisha la kwanza ikashindwa, kisha azimio likapita kwa kura 14, Marekani ikijizuia kupiga kura. Kwenye kamusi nyingi za Kiswahili maneno hayo mawili yanakaribia kuwa pacha: la kudumu, lenye kudumu. Kwenye ukumbi ule yalikuwa mbali. "Permanent" linafunga mlango. "Lasting" linasema mlango ukae umefungwa kadiri itakavyowezekana. Habari nyingi za Kiswahili za siku ile hazikuweza kuonyesha tofauti hiyo, na siwalaumu waandishi, kwa sababu walikuwa na saa moja ya kuandika na lugha isiyogawa maana kwenye mstari uleule. Ndiyo maana anayetaka kujua kilichotokea ilimbidi asome Kiingereza.

Ukraine iligundua gharama ya jambo hilo kwa uchungu zaidi. Tarehe 5 Desemba 1994, huko Budapest, ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwenye ardhi yake baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika. Marekani, Uingereza na Urusi zikatia saini hati ya maelewano ambayo kwa Kiingereza inaitwa ya "security assurances". Nakala za Kiukreni na Kirusi zinatumia neno la dhamana. Wamarekani walijua walichokuwa wakikifanya: "guarantee" lingewabebesha wajibu wa kijeshi, "assurance" ni ahadi ya kuheshimu na kujali. Leo ukisikia Kyiv inadai "guarantees" na kulirudia neno hilo kila siku, ujue hawarudii kwa kukosa msamiati.

Nageukia kidogo jambo jepesi, lakini lenye faida ya haraka. Habari hizi ni hazina ya maneno yanayotembea pamoja. Kwa Kiswahili vita hupamba moto, mazungumzo hugonga mwamba, na mtu akisema mazungumzo "yamegonga jiwe" tutamwelewa lakini tutamtazama mara mbili. Kiingereza nacho kina ndoa zake. "Talks", yaani mazungumzo, huwa kwenye wingi, nayo "stall" (hukwama), "collapse" (huvunjika), "resume" (huanza tena). "Ceasefire" hu-"hold" bila kushika kitu chochote, na isipoaminika huitwa "fragile" au "shaky", si "weak". Anayejifunza neno mojamoja hataliona hilo hata akimaliza kamusi nzima. Anayefuatilia mazungumzo yaleyale kwa miezi mitatu ataziona ndoa hizo mara mia bila kukariri.

Kisha yapo maneno ya kila siku yaliyovaa nguo nyingine. Mwanafunzi wa Arusha anajua "reservation", yaani kuwekewa nafasi, kwa sababu mji wake unaishi kwa watalii na hoteli. Lakini tarehe 28 Agosti 2000, katika mji huohuo, baadhi ya vyama vya Burundi vilitia saini mkataba wa amani "with reservations", yaani vikiweka pingamizi juu ya vipengele kadhaa. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa ameyabeba mazungumzo hayo, alikuwa amefariki Oktoba 1999, na Mandela ndiye aliyeyafikisha kwenye saini, Rais Clinton akiwapo. Mtu anayesoma habari ya siku ile haraka atafikiri kila kitu kilikamilika. Ukweli ni kwamba mkataba ulitiwa saini bila kusitisha vita, kwa kuwa makundi makubwa yenye silaha hayakuwamo. CNDD-FDD walikuja kutia saini Dar es Salaam Novemba 2003, na FNL wakasaini makubaliano ya kusitisha mapigano hukohuko Septemba 2006. Orodha ya maneno itakwambia "peace agreement" na "ceasefire" ni vitu vinavyofuatana. Burundi inakwambia la kwanza linaweza kumtangulia mwenzake kwa miaka sita, watu wakiendelea kufa katikati.

Katika hati zile Nyerere anaitwa "Facilitator". Hakuitwa "arbitrator", kwa sababu hakuwa na mamlaka ya kuamua nani ana haki. Vyombo vya habari vya Kiingereza hupenda kitenzi kingine, "broker", na utasoma kwamba Qatar au Misri ime-"broker" makubaliano. Kariakoo "broker" ni dalali, na hakuna mtu angethubutu kumwita Mwalimu dalali wa amani. Kiingereza kimelipa neno hilo heshima kwenye diplomasia na kulinyima kwenye nyumba za kupanga.

Hata wenye lugha yao hukwama. Churchill aliandika kwamba wakati wa vita kuu ya pili maofisa wa Uingereza na Marekani walibishana kwa muda mrefu kuhusu kitenzi "table", kumbe walikuwa wanataka jambo lilelile. Kwa Mwingereza ku-"table" ni kuleta jambo lijadiliwe, kama bunge letu Dodoma linavyosema hati zimewasilishwa mezani. Kwa Mmarekani ni kuliweka kando. Afrika Mashariki tumerithi maana ya Kiingereza cha London, ilhali wapatanishi wengi wa siku hizi wanatoka Washington, kwa hiyo tahadhari.

Wakenya wana mfano wao. Makubaliano yaliyosimamiwa na Kofi Annan, Mkapa na Graça Machel, yakatiwa saini tarehe 28 Februari 2008, yalimpa waziri mkuu mamlaka ya "coordinate and supervise", yaani kuratibu na kusimamia, shughuli za serikali. Vitenzi viwili vya ofisini kabisa. Upande mmoja ulivisoma kama nusu ya madaraka, upande mwingine ukavisoma kama kazi ya karani mkuu, na ubishi ukaendelea kwa muda wote wa serikali ile. Mtaani watu hawakujisumbua. Waliita serikali ya nusu mkate, na kusema kweli jina hilo lilieleza hali vizuri kuliko "grand coalition".

Kuna watakaosema habari za vita ni nzito, na vijana wajifunze Kiingereza kwa mpira. Wanajifunza, na vizuri. Ligi ya Uingereza imewafundisha watu wengi kuliko sisi walimu, sina haja ya kubisha. Ila mpira una upungufu mmoja: unasimulia kilichotokea. Sentensi zake ni za moja kwa moja, nani kampiga chenga nani. Mikataba ya amani inaishi kwenye masharti. Imejaa "unless", "provided that", "pending", "subject to", "without prejudice to", "notwithstanding". Hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia kwenye orodha za mtandaoni, kwa sababu hayana picha. Huwezi kuchora "notwithstanding", yaani "bila kujali".

Na hayo ndiyo yatakayomkuta mwanafunzi wetu maishani. Hatatumwa Geneva. Ataletewa mkataba wa mkopo, wa ajira au wa kupanga fremu ya duka, na mara nyingi utakuwa kwa Kiingereza. Humo "subject to" ina maana kwamba ulichoahidiwa juu kinaweza kufutwa na kilichoandikwa chini. Niliwahi kuona mtu anatia saini ya mkopo akiwa ameelewa kila neno gumu, riba na dhamana na marejesho, lakini "notwithstanding" aliiruka akidhani ni pambo la kisheria. Kipengele hicho ndicho kilichompa mkopeshaji ruhusa ya kubadilisha riba. Aliyezoea kusoma kwamba majeshi yatatolewa "subject to" uhakiki, kisha akaona miezi inapita bila jeshi kuondoka, hairuki tena.

Basi kwa mwaka huu ningependekeza mazungumzo gani? Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali, achukue ya Kongo. Goma na Bukavu ni miji inayozungumza Kiswahili. Majina ya watu na milima tunayajua, na historia tumeisikia redioni tangu utotoni. Anayejua kisa tayari anaweza kubashiri maana ya neno geni bila kukimbilia kamusi. Zamani kulikuwa na Kiingereza maalumu cha VOA, redio ya Sauti ya Amerika, kilichoanza 1959, chenye maneno ya msingi takriban 1,500 na kusomwa polepole kwa ajili ya wanaojifunza. Tangu Machi 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha matangazo ya shirika hilo, ngazi hiyo haitegemewi tena. Kujua kisa kwa lugha yako ni ngazi ambayo hakuna wa kuiondoa. Kwa hiyo soma kwanza habari ya Kiswahili, ya BBC au DW au gazeti lako, halafu ya Kiingereza kuhusu siku hiyohiyo, kisha maandishi yenyewe yaliyotiwa saini. Hatua hii ya tatu watu huiacha, na ndiyo yenye utamu.

Tazama vitenzi vya mwaka 2025 pekee. Aprili 25 Kongo na Rwanda zilitia saini "declaration of principles" mjini Washington, yaani zilikubaliana kwamba zitakubaliana. Juni 18 wataalamu wa pande mbili wali-"initial" maandishi ya mkataba, wakiweka herufi za majina yao kuonyesha kwamba maneno hayabadilishwi tena, bila nchi kufungwa nayo. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje waka-"sign". Desemba 4 marais Tshisekedi na Kagame nao wakasaini, na ndani ya siku chache waasi wa M23 wakaingia Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo. Kando ya hayo kulikuwa na meza nyingine Doha, kati ya Kinshasa na M23 wenyewe, iliyotoa tamko la kanuni Julai na kisha "framework" Novemba, yaani kiunzi ambacho vyumba vyake bado vilikuwa vya kujadiliwa. Habari ya Kiswahili iliyoandika "wamesaini mkataba wa amani" kila mara haikudanganya, lakini msomaji wake alibaki akishangaa amani hiyo inasainiwa mara ngapi.

Ndani ya maandishi kuna "neutralization" ya FDLR, kundi la waasi wa Rwanda walioko Kongo. Ni neno la kuvutia kwa linavyokwepa. Je, wauawe, wakamatwe, wanyang'anywe silaha, au warudishwe kwao? Neno linaruhusu yote. Hapo mwanafunzi ajihadhari, kwa sababu Kiingereza hiki kinaambukiza. Kimejaa kauli ya kutendwa: raia waliuawa, makombora yalirushwa, makubaliano yalikiukwa, na mtendaji hayumo. Kiswahili nacho kinaweza, viambishi vya kutendwa tunavyo vya kutosha, lakini mazungumzo yetu ya kawaida humtaka mtendaji upesi: na nani? Kila sentensi ya namna hiyo iulize swali hilo. Ila usiandike barua ya kuomba kazi kwa mtindo huo. Nimeshazisoma za aina hiyo, na mwombaji anaonekana kama mtu aliyekuwa jirani tu na mafanikio yake.

Zoezi ninalolipenda zaidi linahitaji sentensi mbili. Tarehe 21 Februari 2025, baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa na M23, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2773 kwa kura zote 15. Linalitaka jeshi la Rwanda liache kuiunga mkono M23 na "withdraw", liondoke kwenye ardhi ya Kongo bila masharti. Miezi minne baadaye, makubaliano ya Juni 27, yaliyosimamiwa na Marekani, yanazungumzia "disengagement of forces", kutenganisha majeshi, na "lifting of defensive measures by Rwanda", Rwanda kuondoa hatua za kujilinda. Milima ni ileile na mwaka ni uleule. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameripoti maelfu ya wanajeshi wa Rwanda ndani ya Kongo, na Kigali ikakana kuiunga mkono M23 na kusema imechukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR. "Withdraw" linakiri kwamba upo mahali. "Defensive measures" halikiri chochote: linaweza kuwa wanajeshi, mitambo au doria, ndani ya mpaka au nje yake.

Waulize wanafunzi kwa nini neno lilibadilika. Wa kwanza watasema Wamarekani ni waungwana kuliko Umoja wa Mataifa, wengine watasema ni kosa la tafsiri. Waache kidogo. Kwa kawaida yupo mmoja nyuma ya darasa atakayeuliza nani alitakiwa kutia saini. Azimio lilipigiwa kura na nchi 15 za Baraza, na kati ya hizo hapakuwa na Rwanda wala Kongo. Makubaliano ya Juni yalihitaji saini ya waziri wa Rwanda, na waziri huyo asingeweza kuahidi kuyaondoa majeshi ambayo serikali yake haijawahi kukiri kuyapeleka.